Mstari Nilioufuta kwenye Sera ya Vitabu

Nyinyi vijana wa maktaba mmeniomba niandike miaka yangu ya kazi, tena niandike kwa Kiswahili, kwa kuwa baadhi yenu mnahudumia vyumba vya kusomea kule kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale ambako Kiingereza hakifiki mbali. Nimekubali. Kiswahili changu ni cha kambi ya jeshi ya Makenke. Baba alikuwa sajenti, nami nilizaliwa na kukulia katika nyumba za askari, kwa hiyo msishangae kikisikika kama amri. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vilikuja kwa kuchelewa, na hakuna mtu aliyejifunza kazi kwa kusoma barua za kupandishwa za mwenzake.

Siku mliponiaga, msemaji mmoja alisema kwamba sera ya vitabu ya chuo chetu ni mtoto wangu, na kwamba vyuo vingine vimeinakili. Mkapiga makofi. Mimi nilikuwa nikitazama kitambaa cha meza. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningeyasema siku ile kama ningekuwa na ujasiri wa kusimama.

Niliingia kazini mwaka 1996. Chuo kilikuwa kinafundisha wauguzi na matabibu, na maktaba yake ilikuwa chumba kimoja hapa Mbarara ambacho zamani kilikuwa stoo ya chakula. Siku za mvua rafu zilinuka unga wa mahindi. Mkutubi alikuwa Mzee Tibenda, mtu mrefu, mchache wa maneno, aliyevaa sweta moja la kijani mwaka mzima. Asubuhi ile alinipa kitabu kipya na kuniambia nikifungue. Nikakifungua katikati, kama mtu yeyote. Akanipokonya.

"Umeshamvunja mgongo," alisema.

Akanionyesha: kitabu kipya unakisimamisha juu ya mgongo wake, unalaza jalada la huku na la huku, kisha unashusha kurasa chache za mbele, chache za nyuma, unabonyeza taratibu kwa kidole, mpaka mnakutana katikati. Nilifungua vitabu kumi na saba siku hiyo na sikufanya kitu kingine. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba nimeajiriwa kubonyeza karatasi.

Baadaye ndipo alinionyesha daftari kubwa la mapokezi. Kila kitabu kilichoingia kilipewa namba, tarehe, na mahali kilikotoka. Kilichotoka nacho kiliandikwa kwa wino mwekundu, na kupigwa muhuri wa zambarau: KIMEONDOLEWA. Mzee alikuwa na mihuri miwili tu, huo na wa chuo, na aliifungia kwenye kopo la maziwa ya unga. "Kitabu kinachotoka bila kuandikwa hakijafa," aliniambia. "Kinatangatanga."

Gundi tulipika wenyewe kwa unga wa muhogo. Mende waliipenda kuliko sisi. Na wanafunzi walikuwa na nyembe. Kijana mmoja alikata picha ya moyo kutoka kitabu cha maumbile ya mwili akaibandika juu ya kitanda chake bwenini. Picha yenyewe ilikuwa imeshalowa na kuharibika, haikuweza kurudishwa. Mzee hakumfukuza. Alimketisha maktaba kila jioni achore moyo mwingine kwa mkono kutoka kitabu cha mwalimu wake. Ilimchukua wiki tatu. Tuliubandika mchoro wake mahali pa ukurasa, na nasema kweli, ulikuwa mzuri kuliko wa kwanza. Kijana huyo leo ni daktari wa watoto na bado ananiamkia kwa aibu.

Misaada ya vitabu ilikuja kwa makatoni kutoka nchi za mbali. Tulipokea mwongozo wa kuondoa theluji barabarani. Tulipokea vitabu vya kodi vya nchi ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuiona. Mzee aliandika barua ya shukrani kwa kila katoni, kisha akachagua. Siku moja nilimkuta nyuma ya jiko la chuo akichana vitabu vya dawa, vikubwa, vyenye majalada mazuri, na kuvitia motoni kurasa kwa kurasa. Nilikasirika. Nilikuwa nimekulia mahali ambapo kipande cha gazeti kilisomwa kabla ya kufungia sukari.

"Mzee, si bora tuwape watu wa vijijini?"

"Hivi vimepitwa na wakati. Sisi hapa tunavyo vipya, tunaweza kulinganisha. Wao hawana cha kulinganishia." Akatia ukurasa mwingine.

Niliona ni ubahili wa roho. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne na nilidhani wema ni kutoa.

Mzee Tibenda alistaafu, nami nikashika kopo la maziwa. Miaka michache baadaye wakaguzi wa vyuo walikuja, wakatazama rafu, wakauliza: "Sera yenu ya uendelezaji wa makusanyo iko wapi?" Ndilo jina lake kamili. Maana yake ni maandishi yanayosema maktaba itanunua nini, itapokea nini, itakataa nini, na itaondoa nini. Hatukuwa nayo. Ilikuwa kichwani mwa Mzee, na kichwa kilikuwa kimeenda zake shambani.

Mkuu wa chuo, ambaye sote tulimwita Daktari, alinipa miezi mitatu. Sikutaka kubuni. Nilitafuta sera za maktaba za vyuo vingine ili nizilinganishe. Mbili nilizipata Kampala, nikizinakili kwa mkono kwa sababu mashine ya kutoa nakala ilikuwa imeharibika. Moja ilitumwa kwa barua pepe kutoka Nairobi. Moja ilikuwa ya chuo cha jirani hapa hapa, na ilikuwa wazi kwamba nao waliinakili mahali, maana ukurasa wa nne ulikuwa bado na jina la chuo kingine. Ya tano nilitumiwa na rafiki niliyesoma naye kozi ya ukutubi, anayefanya kazi Tanzania. Alimpa mfanyabiashara wa samaki wakavu, akavuka nayo mpaka wa Kikagate, na ilinifikia ikiwa na harufu yake.

Nilinunua karatasi ya manila nikachora jedwali kwa rula. Vyuo vitano wima; mambo kulala: nani anachagua vitabu, lugha gani, nakala ngapi, zawadi zinapokewaje, vitabu vya zamani vinaondolewaje. Niliibandika ukutani nyuma ya meza yangu. Kwa wiki sita nilijaza vile visanduku, na niseme wazi, ndizo wiki nilizoifurahia kazi kuliko zote. Ukiziweka sera ubavuni unaona tabia za watu. Chuo kimoja kilikuwa na kurasa nne juu ya adabu ya kukataa zawadi ya mheshimiwa. Kingine hakikujua kina vitabu vingapi lakini kilijua kitanunua vingapi.

Ile sera ya Tanzania ilikuwa fupi kuliko zote, kurasa tano, kwa Kiswahili. Katika sehemu ya kuondoa vitabu, sera nne zilisema karibu jambo moja: vitabu vilivyoondolewa vinaweza kutolewa kwa shule na jamii zenye uhitaji. Ile ya tano iliongeza mstari mmoja: vitabu vya tiba na dawa vilivyopitwa na wakati visigawiwe kwa mtu yeyote, vichanwe na kuchomwa. Niliusoma nikamwona Mzee Tibenda nyuma ya jiko. Nikauandika katika rasimu yangu, kama ulivyo.

Daktari aliisoma rasimu mbele yangu, kalamu mkononi. Alifika pale akainua macho.

"Kuchoma vitabu, Jovia? Watu watasema nini juu ya chuo?"

Alisema hivyo tu. Hakuniamuru. Angeweza kushawishika, alikuwa tabibu kabla ya kuwa mkuu. Mimi ndiye niliyesema, "Ni kweli, tunaweza kuutoa," nikainama juu ya meza yake na kuufuta mstari ule kwa kalamu yangu mwenyewe. Nilikuwa nataka sera ipite. Nilikuwa nimeshajiona nikiiwasilisha kwenye mkutano wa wakutubi. Na ilipita, na niliiwasilisha, nikapigiwa makofi, na watu watatu wakaniomba nakala kwa ajili ya maktaba zao. Niliwapa siku ile ile.

Sera ilipoanza kufanya kazi tulihitaji nafasi kwenye rafu. Tuliondoa makatoni kumi na moja. Daktari akapendekeza tuyapeleke Nakivale, ambako wakimbizi wa Kongo walikuwa wameanzisha chumba cha kusomea. Tulikuwa na siku moja ya kuyatayarisha. Kila kitabu kilipaswa kuandikwa kwa wino mwekundu na kupigwa muhuri wa KIMEONDOLEWA. Nilipiga katoni la kwanza, nikapiga la pili. Mkono uliniuma. Nikasema moyoni, wakimbizi wa watu wanahitaji vitabu, hawahitaji wino. Makatoni tisa yaliondoka yakiwa na muhuri mmoja tu ndani, wa chuo.

Chumba chenyewe kilikuwa Kashojwa, kijiji cha kambi hiyo, karibu na Base Camp, kando ya kanisa: udongo, mabati, rafu za mbao za masanduku. Aliyekisimamia aliitwa Papa Elia. Alikuwa mkutubi wa chuo kimoja huko Uvira kabla vita haijamleta kwetu. Alivaa koti la suti na viatu vya mpira. Kulikuwa na hotuba, kulikuwa na picha, watoto waliimba. Wakati wengine wanakunywa soda, alifungua katoni mojawapo. Nilimwona akikishika kitabu kinene cha tiba, akikisimamisha juu ya mgongo, akifungua ukurasa wa jina na kutazama nyuma yake, mahali penye mwaka. Mkutubi humjua mkutubi kwa hilo.

"Mama, aksanti sana," aliniambia. "Hii vitabu ya dawa, ni ya mwaka gani? Naona hii iko ya zamani sana."

Watu walikuwa wanatusikiliza. Nikamjibu kwa sauti ya kuwatosheleza wote: "Misingi ya tiba haibadiliki, Papa."

Alinitazama kidogo. Akasema, "Haya." Kisha akauliza kama kuna vya Kifaransa. "Batu yetu benye kusoma, mingi balisomaka mu Kifaransa." Nikamweleza kwamba sera yetu ni Kiingereza tu, na nikaongeza, kwa fahari, kwamba nilikuwa nimelinganisha vyuo vitano.

Akacheka kwa upole. "Unaongea kama soda," akasema. Kwao soda ni askari. Nilicheka pia.

Tulitoa vitabu tena mwaka uliofuata, na uliofuata. Shule, vituo, mahali sita kwa jumla. Hakuna hata kimoja kilichoandikwa kwa wino mwekundu. Sera ilisema viandikwe. Mwenye sera alikuwa na shughuli nyingi.

Siku aliyokuja Papa Elia Mbarara ilikuwa katikati ya mitihani. Nilisikia mlinzi akifoka getini. "Wewe mzee, kitambulisho iko wapi? Hapa si soko." Nilichungulia nikaliona lile koti. Alikuwa amebeba kitu ndani ya kitenge. Nilimwingiza ofisini, nikamkaribisha chai. Aliikataa.

"Mama Jovia, sikuya kugombana. Nilikuya kurudisha kitabu."

Akafungua kitenge. Kilikuwa kile kile kinene. Jalada lilikuwa limeshonwa upya kwa uzi wa gunia, vizuri sana.

"Kuko mutu anaitwa Bahati," alisema. "Kule kwetu alikuwa muuguzi. Hapa alifungua duka kidogo ya dawa, pale Kashojwa. Aliazimaka hii kitabu, nikamuandika. Mwezi uliopita mutoto ya Mama Neema akashikwa na homa. Miaka tatu, mutoto mwanamuke. Bahati akafuata kitabu. Kitabu inasema klorokwini, akatoa klorokwini. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya ine mutoto akaanza kutetemeka mwili muzima. Njo bakamubeba hospitali."

Wakati huo kila muuguzi wa chuo chetu alijua kwamba dawa ile haikuwa tena na nguvu juu ya malaria. Ilikuwa imeachwa. Vitabu vipya vilivyosema hivyo vilikuwa kwenye rafu, mita tatu kutoka tulipoketi. Ndiyo maana kile cha zamani tulikiondoa.

"Alikufa?" niliuliza.

"Hapana. Iko muzima. Lakini hasikii tena. Na hasemi."

Sasa nitaandika nilichosema baada ya hapo, kwa sababu ndicho kilichonifanya nikubali kuandika yote haya. Sikuuliza mtoto yuko wapi. Sikuuliza mama yake anaishije. Nilisema:

"Umemwambia nani?"

Papa Elia alikunja kitenge chake taratibu, mara mbili, mara nne.

"Nilikuambia wewe," alisema.

Akaendelea, na sauti yake haikupanda. "Bahati naye ana makosa yake. Batu ba afya balishaka kumuambia dawa ilibadilika. Lakini alisema, hii kitabu iko na muhuri ya chuo, ba Mbarara banajua kutupita. Na mimi nina yangu. Niliona mwaka, siku ile ile. Lakini ulisema misingi haibadiliki, na nilikuwa na haya ya kubisha mugeni mbele ya batu."

Aliomba jambo moja: niende mwenyewe, nitoe vibaya vyote, na niwaambie wasomaji kwa mdomo wangu kwa nini.

Nilikwenda Jumamosi, kwa pikipiki, bila kumwambia mtu chuoni. Tulikaa sakafuni yeye na mimi tangu asubuhi, tukichambua. Alikuwa mwepesi kuliko mimi. Vya tiba karibu vyote tulivichana. Makatoni kumi na moja yalibaki mawili na nusu: kamusi, hesabu, jiografia, vitabu viwili vya ufugaji wa nyuki. Wasomaji walikuwa wamekusanyika nje, kina mama na wanaume kama ishirini. Nilitoka nikawaambia kwamba vitabu vimekaguliwa upya. Hayo ndiyo maneno yangu: vimekaguliwa upya. Papa Elia alisimama mlangoni akiwa na mavumbi ya karatasi kwenye koti. Kwa mara ya pili, hakunisahihisha.

Tulipomaliza alinyoosha mkono kuelekea mashamba ya mihogo. "Kwa Mama Neema si mbali. Dakika kumi."

Nilitazama saa. Nikasema mwenye pikipiki anangoja.

Kwa Daktari niliripoti kwamba baadhi ya vitabu vilivyotolewa vilikuwa vimechakaa, na kwamba tuwe waangalifu. Alikubali. Sikutaja mtoto. Miaka ikapita, na hapo ndipo aibu yangu ilipokomaa, maana kosa la siku moja mtu anaweza kulilaumu uchovu. Lakini vyuo viliendelea kuniandikia: "Tunatayarisha sera, tunalinganisha za wengine, tafadhali tutumie yenu." Nami niliwatumia. Kila mara nilijua ni sehemu gani ina pengo, na kila mara nilifikiri kwamba nikiujaza ule mstari ghafla, mtu ataniuliza kuna nini. Niliurudisha miaka miwili kabla ya kustaafu, katika marekebisho ya jumla, kati ya mabadiliko ya saa za kufungua na faini za kuchelewesha. Hakuna aliyeuliza chochote. Miaka yote ile nilikuwa naogopa swali ambalo halikuwapo.

Wiki ya pili baada ya nyinyi kuniaga, nilikwenda Kashojwa. Papa Elia hakuwapo tena. Alikuwa amepelekwa Amerika na familia yake. Kijana wa kanisa alinionyesha njia. Mama Neema alikuwa uani anamenya mihogo. Mwanamke wa makamo, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani. Nilikuwa nimebeba sukari na sabuni. Niliviweka chini, nikaketi kwenye jiwe, nikamweleza: mimi ni nani, kitabu kilitoka wapi, muhuri ambao sikuupiga, mstari nilioufuta. Nilieleza kwa mpangilio, kama ninavyoandika hapa. Hakuacha kumenya.

"Nilijua," alisema nilipofika mwisho. "Papa Elia alinielezaka yote mbele bamupeleke Amerika. Nilikuwa najiuliza, ule mama ya muhuri atakuya siku gani? Nikasema, pengine alikufa."

"Sikufa. Niliogopa."

"Uliogopa nani? Mimi?" Akatazama kisu chake kidogo, na ua, na mbuzi mmoja aliyefungwa. "Mimi mutu ya mihogo?"

Binti yake alikuwa upande wa pili wa ua, ametupa mgongo, anafuma mkeka. Msichana mrefu wa miaka kumi na mmoja. Mama yake aligonga ardhi kwa kisigino mara mbili, kwa nguvu. Neema akageuka; alikuwa ameusikia mshindo kwa miguu yake. Mama akamfanyia ishara kwa vidole, na yule mtoto akaja, akaniamkia kwa kunishika mkono kwa mikono yake miwili, akaondoka na sabuni na sukari. Alikuwa na tabasamu pana kabisa. Ningependelea asingekuwa nalo.

"Bado unataka kusema kitu?" Mama Neema aliuliza.

"Nataka kusema pole. Na kuomba msamaha."

Aliweka muhogo kwenye maji. "Ile vitabu, mulipelekeaka fasi ingine?"

"Ndiyo. Mahali sita, pamoja na hapa."

"Na kule ulishaka kwenda kuzitoa?"

"Bado."

Ndipo aliponitazama usoni mara ya kwanza. "Sasa unakaa kwangu unatafuta nini?"

Hakusema amenisamehe, na sikuuliza mara ya pili. Niliinuka.

Kwa kuwa hakukuwa na wino mwekundu, ilinibidi nitafute njia nyingine ya kujua vitabu vilikokwenda. Dereva wetu wa zamani, mtu wa mpangilio kuliko mimi, alikuwa bado na daftari lake la safari, na humo aliandika kila katoni aliloshusha na mahali aliposhusha. Nimewaandikia barua maktaba zote nilizozitumia sera yenye pengo, nikiwaeleza mstari gani uongezwe na kwa nini, mtoto akiwamo. Moja imeniitikia kwamba suala hilo litajadiliwa kikao kijacho. Navijua vikao.

Mahali penyewe nakwenda mwenyewe, na mwongozo mpya wa tiba ndani ya mfuko. Pawili palikuwa pamebomolewa. Mahali pamoja vitabu vilikuwa vimeliwa na mchwa, na nilimshukuru Mungu kwa mchwa. Pa nne ni shule ndogo upande wa Kikagate. Kitabu kilikuwa nakala pacha ya kile cha Nakivale. Mwalimu alisema kimeazimwa na mhudumu wa afya wa kijiji, atakirudisha leo au kesho. Nilikaa kwenye benchi la nje. Alifika alasiri, mama wa makamo, kitabu kichwani ndani ya mfuko wa plastiki ili kisilowe.

Nilimweleza mimi ni nani na nimefuata nini. Akashtuka, akachomoa daftari kifuani. Alikuwa amenakili kurasa za dozi, kwa mwandiko wa kupendeza, kwa kalamu ya bluu, ili azitumie akishakirudisha kitabu.

Tuliketi pamoja kwenye benchi, daftari lake na mwongozo mpya magotini. Mistari ilikuwa tisa. Tuliikata mmoja mmoja, tukaandika sahihi yake pembeni, na kwa kila mmoja nilimwambia ilivyokuwa zamani, ilivyo sasa, na nani aliyemletea makosa yale.